Ambulensi iliyostaafu Uingereza: soma kibao cha uzito kabla ya kulipa

Ambulensi za zamani hapa Uingereza huuzwa mnadani kwa bei inayotamanisha. Injini imehudumiwa kwa ratiba, ndani kuna makabati, taa na soketi za volti 230, na mtu anayetaka kuigeuza kampavani, gari la kulala na kupika safarini, anaona kitanda na jiko vimeshakaa mahali pake. Usilipe bado. Fungua mlango wa dereva, utafute kibao cha mtengenezaji kwenye nguzo ya mlango au chini ya kiti. Kina mistari minne ya uzito: wa kwanza ni gari na mzigo wake wote, wa pili ni gari pamoja na trela, wa tatu ekseli ya mbele, wa nne ekseli ya nyuma. Ukikuta 3500 kwenye mstari wa kwanza, endelea. Ukikuta 4250 au 5000, na leseni yako ni daraja B, ile ya kawaida ya magari madogo, huruhusiwi kuliendesha gari hilo la dizeli hata likiwa tupu. Sheria inatazama namba ya kibao, haijali umepakia nini.

Hapa ndipo wengi wetu tunanaswa. Waliofaulu mtihani wa udereva hapa kabla ya 1 Januari 1997 walipewa C1, daraja la magari ya kilo 3,500 hadi 7,500, pamoja na B, kwa hiyo mzee jirani atakwambia yeye anaendesha tu, na kwake ni kweli. Sisi tuliofanya mtihani baadaye mwisho wetu kwa gari la dizeli ni kilo 3,500. Leseni ya Kenya au Tanzania yenye daraja la lori haisaidii: mkazi mpya anaruhusiwa magari madogo tu, kwa miezi 12, na nchi zetu hazimo kwenye orodha ya kubadilishana leseni. Binamu aliyefika juzi akisema, "Nipe nikuendeshee, mimi nimeshika Fuso Mombasa hadi Kampala," mshukuru, mpe chai, usimpe ufunguo. Akisimamishwa, anahesabiwa hana leseni, bima inakana, na gari linaweza kuvutwa. C1 inapatikana: fomu D2 na D4, ya pili ikijazwa na daktari, kisha nadharia na vitendo. Ipate kwanza, gari baadaye.

Muuzaji atakwambia uzito unaweza kushushwa kwenye karatasi hadi 3,500. Kisheria inawezekana. Ila piga hesabu. Ambulensi ya sanduku ya tani 5 inaweza kukaribia kilo 3,500 ikiwa tupu. Maji lita 100 ni kilo 100. Watu wawili, 150. Dizeli lita 75, kama kilo 63. Plaiwudi ya milimita 12 ni karibu kilo 20 kwa karatasi, na kuta, kitanda na kabati hula karatasi 8 bila shida. Umepita kilo 470, hujaweka betri wala sufuria. Faini ya kuzidisha huanzia pauni 100, na gari linaweza kuzuiwa papo hapo. Ng'oa lifti ya haidroliki ya mlango wa nyuma, peke yake huzidi kilo 100. Halafu nenda kwenye mizani ya umma upime mara tatu: gari zima, mbele, nyuma. Pima kabla ya kununua mbao na upime tena ukimaliza, kwa sababu jumla inaweza kuwa sawa huku ekseli ya nyuma imezidi.

Taa za buluu na king'ora zitoke kabisa. Kuzifunika hakutoshi, kanuni za taa za 1989 zinakataza hata taa ya buluu isiyowaka. Maandishi na miraba inayong'aa bandua pia. Ukifungua paneli vaa glavu nene za ngozi, sindano huanguka nyuma yake.

Waya usizikate ovyo. Nyingi zinapita kwenye kompyuta ya sanduku, na ukikata usiyoijua gari linaweza kugoma kuwaka. Chomoa fyuzi moja moja, uandike kila kilichozimika. Chaja ya zamani inayounganisha betri mbili kwa rilei haifai kwa betri ya lithiamu kwenye injini za Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha moshi), kwa kuwa oltaneta zake, yaani dinamo zinazochaji betri, hushusha volti zenyewe. Weka chaja ya DC kwa DC ya ampea 30. Betri ya 200Ah na sola ya wati 400 zinatosha friji, taa na simu wakati wa kiangazi. Desemba sola hiyo haitoi hata robo ya inachotoa Juni, kwa hiyo usiitegemee. Inveta ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 200 kwenye volti 12: waya wa milimita mraba 70, fyuzi ya ampea 250 karibu kabisa na betri. Lithiamu isichajiwe chini ya nyuzi 0. Gesi chukua propani, maana butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0 isitoke, na sanduku la mtungi liwe na tundu chini.

Karatasi sasa. Ambulensi husamehewa kodi ya barabara. Wewe husamehewi, badilisha kundi lake la kodi. DVLA, mamlaka ya leseni na usajili wa magari, huenda ikakataa kuiandika kampavani hata ukiweka madirisha na kitanda. Kinachokulinda ni kuieleza bima kila ulichobadilisha, kwa picha, na kupata jibu la maandishi. Waingereza naheshimu utaratibu wao, lakini hawakugombezi mapema. Karani anakujibu kwa adabu, anakushukuru, na kosa lako linajulikana siku ya ajali. Nyumbani ukikosea unaambiwa dirishani, unarudi na karatasi nyingine. Huku ni wewe uulize swali moja kwa moja: je, mnalikatia bima gari hili jinsi lilivyo leo?

Na wazazi wanaopiga simu kutaka liletwe Kenya likichoka, waelezeni kwa upole: gari la zaidi ya miaka 8 haliingii, na ambulensi nyingi zinapostaafu zimeshakaribia hapo au zimepita.