SOMO la tarehe 18 Oktoba 2024: Jinsi ya kuiona kometi (nyota ya mkia) ya mwezi huo bila kuhangaika

Wakuu, ile kometi Tsuchinshan-ATLAS iliyogunduliwa 2023 wakati huo ilikuwa imehamia jioni. Ilipita karibu na jua tarehe 27 Septemba, tarehe 12 Oktoba ikawa kama kilomita milioni 70 kutoka kwetu, na toka hapo kila siku ilikuwa inafifia kwahiyo haikufaa kusema utaangalia mwezi unaofuata.

1. Tafuta sehemu ambayo magharibi kuko wazi. Watu wa Dar mnakimbilia beach wakati bahari yetu iko mashariki, kometi inabaki mgongoni. Bora uwanja wa mpira au juu ya ghorofa.

2. Subiri jua lizame kabisa, anza saa 1 usiku. Darubini usiiguse jua likiwepo, linaua macho kweli.

3. Itafute sayari ya Zuhura, ndo inawaka kuliko zote upande huo. Nyoosha mkono, kunja ngumi, toka kwenye Zuhura pima kama ngumi mbili kwenda kulia na juu kidogo, kometi iko hapo.

4. Simu mfukoni! Hapa ndo wengi wanafeli, macho yanataka kama dakika 20 kuzoea giza na ukifungua WhatsApp unaanza upya. Halafu usiikodolee, angalia pembeni yake kidogo, utaona kinukta chenye ukungu na kitu kama moshi mwembamba kinapanda juu, huo ndo mkia, unaelekea juu kwasababu jua limezama chini yake na mkia siku zote unasukumwa mbali na jua.

5. Picha: egesha simu kwenye jiwe, mode ya usiku, taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise.

Mwezi mpevu wa tarehe 17 ulisumbua, ila kuanzia tarehe 20 ulikuwa unachelewa kuchomoza na giza likawa zuri.

MASWALI

– Nimekaa nusu saa mbona hakuna kinachokimbia?
Haikimbii mkuu, inatulia pale pale kama nyota mpaka izame nazo, utaona imehama ukilinganisha na kesho yake.

– Bibi anasema nyota ya mkia inaleta vita na njaa.
Shikamoo yake. Mwambie ni barafu na vumbi, jua likiipasha inatoa mvuke. Mtoe nje naye aione.

– Kariakoo taa kila kona?
Azima darubini ya mikono (ile ya macho mawili), 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake ni milimita 50, inatosha kabisa.

– Huku mjini Moshi leo kuna mawingu, kesho kometi bado ipo?
Ipo, itakuwa juu zaidi ila hafifu zaidi. Jaribu saa 1 na nusu.