Kwenda kuangalia mechi Uwanja wa Sokoine, Mbeya

Kabla ya kitu kingine chochote, hakikisha mechi inachezwa Sokoine kweli, na siku ni ileile. Uwanja huu ni mali ya CCM. Klabu za Tanzania Prisons na Mbeya City wanautumia tu, kwa hiyo timu ya Mbeya kuwa "nyumbani" si lazima iwe Mbeya. Msimu wa 2020/21 Prisons walihamia Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mbeya, na huko ndiko walikoifunga Simba 1-0 Oktoba 2020. Ratiba nayo hubadilika: Simba au Yanga wakiwa na mechi za CAF (mashindano ya klabu za Afrika), mchezo wao wa Mbeya unaweza kugeuka kiporo, yaani kuahirishwa, na kuchezwa wiki kadhaa mbele. Angalia taarifa ya Bodi ya Ligi siku mbili kabla, kisha asubuhi ya mechi angalia tena ukurasa wa timu mwenyeji. Kama unatoka Dar es Salaam, usikate tiketi ya basi kwa kutegemea ratiba iliyotoka mwanzoni mwa msimu.

Kwa basi, Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, safari ya kutwa nzima, hivyo fika siku moja kabla. Treni ya TAZARA inakuteremsha upande wa Iyunga. Ndege zinatua Songwe, mbele ya Mbalizi, nje kabisa ya jiji, kwa hiyo nauli ya kuingia mjini iweke kwenye hesabu. Ukishafika, kumbuka jambo moja linalowapoteza wageni: barabara kuu ya Tunduma haipiti katikati ya mji. Ukitoka Uyole au Mwanjelwa, panda gari la mjini linalochepuka Mafiati kuingia katikati ya mji. Ukipanda linalonyoosha kuelekea Iyunga na Mbalizi utaupita uwanja kwa mbali bila kuuona. Bajaji ni rahisi zaidi, ila siku ya mechi kubwa teremka mapema umalizie kwa miguu, maana barabara za karibu na uwanja hujaa na bajaji hukwama.

Kiingilio huwa cha madaraja: mzunguko, yaani sehemu za kuzunguka uwanja nje ya jukwaa kuu, ambao ndio wa bei nafuu na ndio wenye watu wengi, na jukwaa kuu lenye paa. Mechi ya Simba au Yanga kiingilio hupanda, wakati mwingine maradufu. Nunua kwenye vituo vilivyotangazwa na klabu mwenyeji, au kwa kadi kama tangazo linasema hivyo. Usinunue mkononi mwa mtu aliyesimama nje ya geti: ikiwa ni feki, utazuiwa mlangoni, na pesa yako haitarudi. Uwanja unatajwa kuchukua watu 20,000 hivi, na siku ya timu hizo mbili nafasi nzuri huisha mapema. Mechi ya saa 10:00 jioni, uwe ndani saa 8:00. Mechi ya kawaida, saa 9:15 inatosha.

Sasa mavazi, na hapa wageni wa Pwani ndipo wanapoumia. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Saa 9:00 alasiri jua linachoma hasa, na sehemu kubwa ya mzunguko haina paa. Kipindi cha pili jua likishuka, baridi inaingia ghafla. Vaa kofia, beba sweta au koti hata kama mchana umetoka jasho. Mei na Juni, ligi inapoelekea ukingoni, sweta moja haitoshi. Novemba hadi Aprili ni mvua: beba koti la mvua, si mwavuli, kwa sababu mwavuli unawaziba walio nyuma yako na utaambiwa uufunge wakati mvua ndiyo kwanza imekolea. Vaa viatu vinavyostahimili tope.

Hali hiyohiyo ndiyo inayoamua soka utakaloliona. Kwenye mwinuko huu hewa ni nyepesi: mpira mrefu unakwenda mbali kuliko mpigaji alivyokusudia, na timu iliyozoea Pwani huanza kukata pumzi. Tazama dakika 20 za mwisho kwa makini. Kiangazi ardhi inakuwa ngumu na mpira unadunda hovyo. Masika pasi fupi zinanasa kwenye maji. Timu mwenyeji ikipiga mipira ya juu siku ya tope, usidhani haijui kucheza. Inaujua uwanja wake.

Jina la uwanja ni la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Mkoa wenyewe una historia nzito ya soka: Tukuyu Stars wa Rungwe walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986, na Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji iliyoanzishwa 2011, ilipanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu msimu wake wa kwanza, 2013/14, nyuma ya Azam na Yanga. Zambarau na nyeupe zilizojaa mzunguko ni zao, na ukisikia "Koma Kumwanya" ni wao wanaoitwa. Prisons, wa Jeshi la Magereza, ni Wajelajela.

Mechi bora kwa mgeni, kwa maoni yetu, ni dabi ya Prisons na Mbeya City timu zote zikiwa ligi moja. Simba na Yanga wana mashabiki wengi Mbeya kiasi kwamba mwenyeji anaweza kujikuta ugenini nyumbani kwake. Kwenye dabi, kelele zote ni za wana-Mbeya. Ukivaa jezi ya timu ngeni, kaa na wenzako wa jezi hiyo. Filimbi ya mwisho ikilia, subiri dakika 10 umati upungue getini, kisha tembea hadi Mafiati ukapandie huko.