Kikombe cha kufichia vitu

Mtoto anayehesabu hadi 5 bila kuruka kitu, lakini bado haoni kwamba 5 ni 3 na 2, husaidiwa na mchezo huu: mwekee vifuniko 5 vya chupa, mwache avihesabu mwenyewe, kisha, akiwa amefumba macho, funika baadhi kwa kikombe na umuulize ni vingapi vimefichwa. Kwa kuwa hawezi kugusa vilivyofichwa, hawezi kuvihesabu kimoja kimoja. Hulazimika kuanzia na anavyoviona na kufikiri ni vingapi vinahitajika ili 5 itimie, na hapo ndipo msingi wa kujumlisha na kutoa unapojengwa. Usimwambie kama amepata au amekosa, bali mwache ainue kikombe ahakikishe mwenyewe (wengi hufurahia sehemu hii kuliko mchezo wenyewe). Mchezo haufai kwa mtoto ambaye, akimaliza kuhesabu na kuulizwa jumla ni ngapi, huanza kuhesabu upya, kwa sababu bado hajaelewa kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote. Huyo mwombe kwanza akupe vitu 3 kutoka kwenye rundo.