Jinsi ya kuwalipa wachangiaji wa jumuiya yako ya Hive bila kuua moyo wao

Hive, mtandao wa kuchapisha unaotumia blokcheni (daftari la pamoja la kidijitali) na uliojitenga na mtandao wa Steem Machi 2020, hulipa kutoka mfuko wa pamoja. Chapisho hupigiwa kura kwa siku 7, kisha mwandishi hupata nusu na waliompigia kura hugawana nusu nyingine. Kasoro yake ni kwamba fedha humfuata zaidi anayechapisha. Anayekesha akiwajibu wageni huambulia makombo, na akichoka huondoka kimyakimya.

Hatua ya 1. Fungua akaunti ya jumuiya kwa kazi moja tu: kupiga kura. Iwekee Hive Power, yaani sarafu ya Hive iliyofungwa inayoipa kura uzito, ila kumbuka kuitoa huchukua wiki 13, kidogo kidogo kila wiki. Akaunti ina funguo (nywila) kadhaa; msaidizi mpe ule wa kuchapisha peke yake. Unatosha kupigia kura na hauwezi kuhamisha fedha. Ule wa umiliki haupewi mtu, awe rafiki au ndugu.

Hatua ya 2. Kura ya asilimia 100 hula asilimia 2 ya nguvu yako ya kupiga kura, na kwa siku hurejea asilimia 20. Hizo ni kura kamili 10. Tenga angalau nne kwa ajili ya maoni.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Malipo yasiyofika 0.02 ya HBD (sarafu ya Hive inayolenga thamani ya dola moja) hayatolewi kabisa, kwa hiyo kutawanya vikura vidogo kwa kila mtu ni kupoteza nguvu bure. Chagua. Mgeni akilalamika kwamba akaunti inamgomea, na mwenzake akamweleza kuwa salio lake la kufanyia shughuli ndani ya Hive (Resource Credits) limeisha, litajijaza taratibu au aombe kuongezewa, huyo mpe kura nzima. "Chapisho zuri, asante" ipite tu.

Hatua ya 4. Kwenye muhtasari wa wiki, waweke wasimamizi na watafsiri kuwa wanufaika, yaani wanaopata sehemu ya malipo ya mwandishi, kila mmoja na asilimia yake. Fanya hivyo kabla ya kuchapisha. Kura zikishaingia mgao haubadiliki.

Hatua ya 5. Usitangaze bei ya kila jibu. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walionyesha kuwa watoto wapenda kuchora walioahidiwa zawadi mapema walipungukiwa hamu baadaye, tofauti na waliozawadiwa bila kutarajia. Watu wazima nao, nijuavyo mimi, wakishajua bei huanza kuandika kwa kuihesabu.

Hatua ya 6. Kazi ya kunakili ipigie kura ya kushusha, inayopunguza malipo yake, kabla ya siku 7 kwisha, malipo yarudi kwenye mfuko wa pamoja. Tanguliza maoni yenye kiungo cha kazi halisi, mhusika ajue kosa lake.