Namna ya Kutumia Ekspanda katika Sinthesaiza ya Analogi

Ekspanda ni moduli ndogo, yaani kipande kimoja cha sinthesaiza (ala inayounda sauti kwa umeme), ambayo kwa kawaida haitoi sauti yenyewe, bali huzileta mbele ishara za moduli mama, ile inayoungwa nayo, ambazo hazikupata nafasi ya tundu la kuchomekea waya. Kwa anayetafuta sauti zisizozoeleka, thamani yake kubwa ni kwamba inamwezesha kuirudishia moduli ishara zake yenyewe.

Kabla ya kufunga chochote, zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Katika Eurorack, mfumo wa sinthesaiza za moduli ambao chimbuko lake ni sinthesaiza ya A-100 ya mtengenezaji Dieter Doepfer wa Ujerumani, ekspanda huunganishwa kwa nyuma kwa kebo bapa, na nyingi hupata umeme kupitia moduli mama. Hapa pana hatari ya kweli: pini za ekspanda mara nyingi hufanana na pini za umeme, na ukichomeka umeme wa volti 12 mahali pasipo pake, saketi inaweza kuungua papo hapo. Soma maandishi yaliyo kwenye bodi, kisha uyasome tena. Kwa kuwa kebo hiyo ni fupi, ziweke moduli hizo mbili jirani.

Anza na kichujio, moduli inayopitisha baadhi ya masafa (marudio) ya sauti na kukata mengine, ambacho ekspanda yake ina tundu la kutolea masafa ya kati. Usiingize sauti yoyote. Pandisha rezonansi, yaani kiasi ambacho kichujio husisitiza masafa yaliyo kwenye mpaka wake wa kukata, taratibu mpaka kichujio kianze kuimba chenyewe, mluzi safi usio na mikwaruzo. Si kila kichujio kinaweza, lakini vingi vinaweza. Sasa toa ishara kwenye tundu la masafa ya kati, uipitishe kwenye kipunguza ishara kilichofungwa kabisa, kisha uiingize kwenye tundu linaloongoza masafa ya kichujio hicho hicho. Punguza sauti ya spika, kwa sababu mlipuko wa sauti huja bila taarifa. Ukifungua nobu ya kipunguza ishara kidogo kidogo, mluzi utaanza kukwaruza, na ukiendelea unaweza kuunguruma au hata kukatikakatika kuwa kelele. Mimi hukaa muda mrefu zaidi pale kwenye mpaka kati ya mluzi na mngurumo, ambapo kugusa nobu kwa upana wa unywele kunabadilisha kila kitu.

Ukipata sauti unayoipenda, irekodi hapo hapo, kwani saketi za analogi huyumba kadiri zinavyopata joto, na nafasi zile zile za nobu huenda zisiirudishe kesho.