Kuhamisha santuri za zamani kwenye kompyuta

Mwezi uliopita nilimsaidia baba mdogo, Morogoro, kuhamisha sanduku lake la santuri. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, alizokuwa akitupigia sikukuu tukiwa wadogo. Tulifuata hatua hizi.

1. Safisha. Maji safi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji. Lebo isilowe. Zile nzito za mizunguko 78 usiziguse kwa spiriti, maana zimetengenezwa kwa shelaki na spiriti huiyeyusha.

2. Tafuta gramafoni nzuri, hata ya kuazima. Zile za kisanduku za bei rahisi nilimkatalia baba mdogo kabisa: sindano zake hukandamiza kwa gramu 5 hivi, wakati gramafoni ya maana hutosheka na 2. Santuri iliyodumu miaka hamsini haistahili kukwanguliwa hivyo. Kama tundu la katikati ni kubwa, weka kizibo chake na kikae sawasawa, la sivyo sauti itayumba.

3. Unganisha. Hapa nilikesha. Sauti ya sindano ni hafifu mno, tena haijakamilika: wakati wa kuchonga santuri, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa kwa kanuni iitwayo RIAA. Lazima ipite kwenye priampu ya fono, yaani kifaa kidogo cha kukuza na kusawazisha sauti ya sindano, ili besi irudi mahali pake. Ukiruka priampu, gitaa la besi linapotea na bendi nzima inasikika kama redio ya mfukoni.

Lakini gramafoni nyingine zina priampu ndani. Tazama nyuma, utaona swichi ya PHONO na LINE. Yetu ilikuwa kwenye LINE nami nikaongeza priampu ya pili. Sauti ikavimba na kupasuka, nikadhani santuri zimekufa. Niliporudisha PHONO, muziki ukatulia.

Ukabaki mvumo. Nilibadilisha nyaya zote, wapi! Kumbe waya mwembamba wa athi wa gramafoni ulikuwa unaning'inia. Hufungwa kwenye skrubu ya priampu. Mvumo ukapungua, haukuisha. Saa tisa usiku nikachomoa chaja ya kompyuta: kimya. Tangu hapo narekodi kwa betri tu.

Tena usitumie tundu la maikrofoni la kompyuta, kwani mara nyingi kulia na kushoto huchanganywa na sauti hupasuka. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye tundu la LINE IN.

4. Rekodi kwa programu ya Audacity, ni bure na inatosha. Biti 24, 44,100 Hz. Jaribu kwanza pale ala zote zinapolia, kilele cha sauti kwenye kipimo cha programu kisizidi -6 dB.

5. Hifadhi faili ghafi kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, kabla ya kugusa chochote. MP3 ni ya kutumiana WhatsApp. Mikwaruzo iondoe kidogo tu, ukizidisha unafuta na kayamba. Nyimbo nyingi zilikatwa sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Baba mdogo alitaka ziungwe. Nilimuungia, kwenye nakala. Piga pia picha lebo za pande zote mbili, na jina la faili lianze na namba iliyo kwenye lebo.