Kusomesha watoto nyumbani bila kugeuza nyumba kuwa shule

Wazazi wenzangu, hii ni kwa yule ambaye ameshaamua kusomesha watoto wake nyumbani, au ndo bado anafikiria fikiria na tayari ana hofu kwamba ataharibu. Karibu kila familia inayoanza naona inaanza vilevile, wananunua ubao, wanapanga viti, wanabandika ratiba ukutani, saa mbili kamili hisabati, saa mbili na nusu kusoma, alafu wiki ya pili watu wamenuniana na ratiba imebaki pambo la ukutani. Sasa shule ina ratiba ya namna ile kwa sababu ina darasa zima na mwalimu mmoja, na kengele lazima ilie ili walimu wabadilishane madarasa. Wewe huna kengele na huna darasa la kubadilishana na mtu, hiyo shida si yako, usijibebeshe.

Kabla ya yote, sheria. Hili halina mjadala na linatofautiana sana kati ya nchi na nchi, Ujerumani kwa mfano kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shule hairuhusiwi isipokuwa kwa sababu chache sana, Marekani ni halali kwenye majimbo yote 50 lakini kila jimbo lina masharti yake. Nenda ofisi ya elimu huko unakoishi, uliza wanataka nini, usajili au ripoti au mitihani, na omba jibu la maandishi, maana ya mdomo kesho yanakanwa.

Ukimaliza hapo, kama mtoto ametoka shule, usianze masomo kesho yake. Mpe nafasi apumzike. Wazazi wa homskuli, yaani hao wanaosomesha nyumbani, wana kanuni yao wanayopeana, mwezi mmoja wa mapumziko kwa kila mwaka aliokaa shule. Hiyo haijatoka maabara, ni uzoefu tu wa watu, na kwa mtoto aliyesoma miaka sita mimi naona miezi sita mzazi mwenye roho nyepesi atakuwa ameshachanganyikiwa, lakini wazo lenyewe ni zuri. Wiki kadhaa alale vizuri, umsomee hadithi, mtembee, akusaidie kazi, acheze. Na wewe muda huo unafanya kazi moja tu, kumtazama. Anachangamka saa ngapi? Akiachwa peke yake anashika nini? Kitu gani kinamchosha mapema? Hayo ndo utakayojengea kila kitu, na hakuna silabasi itakayokuambia.

Alafu swali ambalo kila mtu anauliza, masaa mangapi kwa siku. Machache kuliko unavyodhani. Siku ya shule inaliwa na vitu vingi ambavyo sio kujifunza, kuita majina, kunyamazisha, kusubiri wenzako wamalize kunakili. Mtoto mmoja na mtu mzima mmoja wakikaa chini kwa utulivu, somo linakwenda haraka, kwa hiyo kwa wadogo wa miaka sita saba saa moja au moja na nusu ya masomo yenyewe inatosha, wakubwa wanahitaji zaidi na mengi watafanya wenyewe. Na si lazima iwe asubuhi jamani. Kama unaingia kazini mchana fundisha asubuhi, kama unatoka kazini jioni fundisha jioni, Jumamosi ni siku kama siku nyingine.

Sasa ratiba yenyewe. Ukisikia watu wanasema homskuli iwe huru usidhani maana yake ni kuamka na kuona mudi ikoje, hapana, watoto wakikosa kabisa utaratibu wanakuwa wakorofi na wewe kila asubuhi unaanza mabishano upya. Weka mpangilio badala ya saa. Yaani tukishakunywa chai tunasoma, tukishasoma tunafanya hesabu, tukishafanya hesabu tunatoka nje. Chai ikichelewa kila kitu kinasogea tu na hakuna aliyechelewa. Mtoto akishazoea hivyo haulizi tena "leo tunasoma?", anajua kinachofuata.

Ndani ya huo mpangilio, vitu vya kila siku viwe vitatu tu, kusoma, kuandika na kuhesabu. Hivyo vinataka mazoezi ya mara kwa mara, ukiviruka wiki nzima mtoto anarudi nyuma unaona kabisa. Hayo mengine, sayansi, historia, jiografia, kuchora, muziki, yaandike kwenye orodha ya mzunguko. Orodha haina siku. Leo mmefanya sayansi, kesho mtoto anaumwa, keshokutwa mnaendelea na historia kwa sababu ndo inayofuata, mkifika mwisho mnaanza juu. Ukisema "jiografia ni Jumanne" na Jumanne kwenu ndo siku ya kwenda huku na huku na shughuli za nje, ujue jiografia imekufa. Kwenye mzunguko hakuna somo linalokufa na hakuna deni la kulipa wikiendi. Kwa maoni yangu hiki kitu kimoja ndo kinaondoa stresi kuliko vingine vyote.

Masomo yawe mafupi. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyeishi 1842 mpaka 1923, alikuwa anasisitiza vipindi vya dakika 15 mpaka 20 kwa watoto wadogo, vifupi lakini mtoto awe yupo kweli, akili yote hapo. Dakika zikiisha mnafunga hata kama utamu ndo umekolea, na hapo ndo panapotakiwa, kesho atakuja mwenyewe kuuliza.

Yeye huyo pia alipenda watoto wasimulie walichosomewa, na njia hii haina gharama yoyote. Tuseme umemsomea kurasa mbili kuhusu mchwa wanavyojenga kichuguu. Funga kitabu, usianze maswali kumi, mwambie tu "hebu nisimulie". Mara ya kwanza atasema "mchwa wanajenga nyumba" alafu kimya. Subiri. Usimrukie, usimalizie sentensi yake, angalia dirishani kama huna haraka. Itakuja nyingine, "wanachanganya udongo na mate", alafu "lakini sijui maji ya mvua yanafanyaje", na hapo ameshauliza swali ambalo hata kitabu hakikuuliza. Akikosea mahali usimkatishe, akimaliza rudini kwenye ukurasa mtafute pamoja. Akizoea kusimulia kwa mdomo, kuandika kunakuwa rahisi sana baadaye kwa sababu tatizo la watoto wengi sio kalamu, ni kwamba hawajui waseme nini.

Hesabu nazo zianzie mikononi. Chukua sehemu, robo na theluthi, hapo watoto wengi sana wanakwama na sababu yao ina mantiki kabisa: nne ni kubwa kuliko tatu kwa hiyo robo ni kubwa kuliko theluthi. Ukimwambia "hapana umekosea" atakariri jibu na hataelewa. Mpe vipande viwili vya karatasi vilivyolingana urefu, kimoja akikunje sehemu tatu sawa, kingine sehemu nne, akate sehemu moja kwenye kila kimoja avilaze pamoja mezani. Wewe kaa kimya. Atavitazama, atavigeuza, pengine atadhani amekunja vibaya na atarudia, alafu utasikia "aah, kumbe ukigawa kwa wengi kila mtu anapata kidogo". Hapo sasa ndo umpe daftari afanye maswali, na sio thelathini, sita saba yakitoka vizuri yametosha. Kumpa mtoto aliyeelewa maswali thelathini ni kumwadhibu kwa kuelewa.

Marudio usiyasahau, maana kujifunza kwa raha hakuondoi kusahau. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani aliandika mwaka 1885 jinsi mtu anavyosahau haraka mwanzoni asiporudia, na kurudia kidogo kidogo kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kukesha usiku mmoja. Andika jedwali la kuzidisha kwenye vikadi, dakika tano kabla ya somo, anayoyajua yanarudi wiki ijayo, yanayomshinda yanarudi kesho. Basi.

Ukiwa na watoto wa umri tofauti usijaribu kuendesha madarasa matatu kwa mpigo, utazimia. Soma kwa sauti kwa wote, kitabu kimoja, mkubwa aandike ukurasa, wa kati aandike sentensi mbili, mdogo achore. Hesabu ndo kila mtu na ngazi yake, na hapo mkubwa anaweza kumwelekeza mdogo, inamsaidia hata yeye, lakini usimgeuze mwalimu msaidizi wa kudumu bila mshahara, naye ni mtoto.

Kuhusu wanachokipenda. Mtoto akipenda wadudu, mpe lenzi ya kukuzia, daftari la kuchora, kitabu cha wadudu kiache mezani bila kusema neno. Mara nyingi atakishika mwenyewe. Hapa wazazi wengi tunazidisha, mtoto kasema tu "ona kipepeo", mzazi tayari kashatoa somo la nusu saa na maswali mwishoni, wiki ijayo mtoto hamwonyeshi tena kitu. Kipepeo mwingine muacheni awe kipepeo.

Simu na vidio mimi sina ugomvi navyo, vidio nzuri ya volkano inashinda maelezo yangu yote, ila angalieni pamoja alafu izimwe na asimulie. Ukimkabidhi simu ili upike kwa amani, fanya hivyo bila kujilaumu lakini usiite somo.

Siku mbaya zitakuja. Machozi kwenye hesabu, daftari limerushwa, na wewe umeshapandisha sauti. Funga kitabu hapo hapo, usiseme "hatuinuki mpaka umalize". Angalia kwanza usingizi, njaa, ugonjwa, kama sio hivyo basi somo limemzidi na tatizo liko nyuma ya hapo mlipo, anayelia kwenye kugawanya mara nyingi kuzidisha ndo hakujakaa. Rudini hatua moja, mbili, mpaka pale anapofanya bila kuhema, alafu mpande taratibu. Na wewe mwenyewe weka saa moja ya kimya mchana, kila mtu kona yake na kitabu au mchezo, hakuna kuitana. Mzazi aliyechoka hawezi kufundisha kwa furaha hata awe na mtaala wa dhahabu.

Watu watakuuliza marafiki atawapata wapi, na ni swali halali. Mtafutie timu ya michezo, kwaya, watoto wa jirani, familia nyingine zinazosomesha nyumbani mkutane mara moja kwa wiki, na wazazi mgawane, anayejua sayansi achukue sayansi yeye.

Mwisho kumbukumbu. Usipange mwezi mzima mbele, andika kilichofanyika baada ya kufanyika, mstari mmoja au miwili kila jioni, kitabu gani, ukurasa gani, hesabu gani, na piga picha za kazi zake ukiweka tarehe. Afisa wa elimu akija una cha kumwonyesha, na siku ukiona kama hamjafanya lolote ukifungua hilo daftari utashangaa. Mtoto akikaribia umri wa mitihani ya kitaifa, miaka miwili kabla uliza taratibu za mtahiniwa wa kujitegemea, yaani anayefanya mtihani bila kuwa mwanafunzi wa shule, vituo vinavyopokea, tarehe za kujiandikisha, na hasa masomo yenye majaribio ya maabara au kazi za mradi, kwa sababu hayo yanahitaji kituo kitakachokubali kuyasimamia na nafasi huwa zinajaa mapema.